Salfa ya mikorosho: mbona ngozi inawasha?

Msimu wa kupulizia ukifika, hapa Nanganga swali ni lilelile: "Bwana shamba, nimepuliza salfa, shingo inawaka moto. Ni aleji?"

Mara nyingi siyo aleji. Salfa ya unga tunayotumia dhidi ya ubwiri unga tunaidharau kwa sababu ni unga tu. Lakini ikikutana na jasho, inakera ngozi ya mtu yeyote. Angalia inapoanzia: shingoni, kwapani, kiunoni chini ya mkanda. Ndiko jasho linakotuama na nguo inakosugua. Vinatoka vipele, ngozi inachubuka, na ikipona inaacha baka jeusi.

Aleji ni kitu kingine. Inawapata baadhi yetu tu, hata kwa dawa kidogo, mara nyingi baada ya siku moja au mbili, na inaweza kuenea hadi pale ambapo dawa haikugusa. Ikijirudia kila mkipuliza, huyo mtu abadilishiwe kazi. Asiambiwe avumilie.

Sasa kosa letu liko wapi? Tunapuliza alfajiri, umande ungalipo, ili unga ushike maua na majani. Hapo sawa. Saa nne tumemaliza, lakini badala ya kuoga tunakaa kijiweni na nguo zilezile mpaka mchana. Kadiri salfa inavyokaa mwilini ndivyo inavyoumiza.

Fanya hivi:

- Vaa mikono mirefu, glovu, miwani ya kinga na barakoa. Suruali iwe nje ya buti, unga usiingie ndani.
- Usipulize ukiukabili upepo. Usivute sigara karibu, salfa inashika moto.
- Ukimaliza tu, vua nguo, oga kwa maji mengi na sabuni. Usisugue kwa dodoki, usipake mafuta kabla ya kuoga.
- Nguo za kazi zifuliwe peke yake, mbali na za watoto.
- Ikiingia machoni, suuza kwa maji safi dakika 15. Kunywa maziwa hakusafishi macho wala ngozi.

Ukiona malengelenge, uso umevimba au unapumua kwa shida, nenda zahanati mara moja na lebo ya mfuko mkononi.

Ukiwa na vibarua, nunua vifaa vya kinga kabla ya salfa. Mpulizaji akilala nyumbani wiki nzima, ubwiri unga haumsubiri. Maua yananyauka, na korosho zako zinaondoka nayo.