Kifua Hakipasuliwi, Lakini Mzee Atafaidika?

Tarehe 16 Aprili 2002, katika mji wa Rouen nchini Ufaransa, Dkt. Alain Cribier alimwekea mgonjwa wa miaka 57 vali mpya ya moyo bila kumpasua kifua. Vali ilikunjwa juu ya puto, ikapitishwa kwa mrija mwembamba kutoka mshipa wa paja hadi moyoni. Puto lilipojazwa, vali ikachanua na kuisukuma kando ile kuukuu iliyokakamaa kwa chokaa. Leo njia hiyo ni tegemeo la wazee wengi ambao upasuaji wa kifua ungewamaliza. Lakini swali tunalolitanguliza silo. Tunauliza kama mzee ataistahimili shughuli yenyewe, ilhali la msingi ni ataishije baada yake.

Faida ya vali hii haina ubishi. Mwaka 2010 utafiti uitwao PARTNER ulitoa matokeo ya wagonjwa 358 walioonekana hawafai kupasuliwa. Mwaka mmoja ulipopita, asilimia 30.7 ya waliowekewa vali kwa mrija walikuwa wamefariki. Kwa waliopewa matibabu ya kawaida, asilimia 50.7. Hilo ni pengo kubwa mno. Wapo waliohofia kiharusi, na hawakukosea: ndani ya siku 30, kiharusi kikubwa kiliwapata asilimia 5 ya waliowekewa vali, na asilimia 1 tu ya wenzao. Hata hivyo, kwa mtu ambaye nusu ya wagonjwa kama yeye hawamalizi mwaka, hatari hiyo inabebeka. Kinachonisumbua zaidi ni ile asilimia 30. Vali ilikuwa mpya, tundu dogo, na bado walikufa. Vali haiponyi figo zilizochoka, mapafu yaliyoharibika wala misuli iliyokwisha. Uingereza ilipata funzo hilohilo kuhusu aota, mshipa mkuu wa damu, inapovimba tumboni. Katika utafiti wa EVAR 2, wagonjwa wasioweza kupasuliwa waliwekewa bomba la kitambaa ndani ya mshipa huo. Vifo vitokanavyo na uvimbe vilipungua, lakini kwa jumla hawakuishi zaidi ya wenzao ambao hawakuwekewa. Maradhi mengine yaliwachukua.

Wengine wataona hiki ni kisingizio cha kuwanyima wazee tiba. La hasha. Umri pekee si kipimo: yupo wa miaka 88 anayepalilia bustani yake, na wa miaka 70 asiyeweza kuinuka kitandani. Kipimo kimoja hakihitaji hata mashine. Mzee hutembea mita 5 kwa mwendo wake wa kawaida. Akizidisha sekunde 6, hatari yake iko juu. Anakula vizuri? Anaoga mwenyewe? Anawatambua wanawe? Majibu hayo yana uzito sawa na picha za moyo. Basi familia ikiambiwa kwamba baba au bibi atatibiwa bila kupasuliwa, isiishie kuuliza gharama na siku za kulazwa. Imuulize daktari: mwaka mmoja baadaye, mzee wetu ataweza kufanya nini asichokiweza leo? Na mzee mwenyewe aulizwe kwanza anataka nini.