Haki ya Mungu Darasani na Usharikani: Kwa Nini Mchungaji Asome Theolojia

Utangulizi

Swali moja huulizwa mara kwa mara katika sharika zetu, hasa wakati wa kukusanya mchango wa kumsomesha mwanachuo: kuna haja gani ya kumweka mtu chuoni miaka kadhaa akijifunza Kiyunani na Kiebrania, hali waumini wanangojea mhubiri? Hili si swali la dharau. Linaulizwa na watu waliotoa ndizi na kuku wao zikanadiwe baada ya ibada, nao wana haki ya kujibiwa. Katika makala haya tutajaribu kuwajibu kwa kulifuata neno moja tu la Maandiko, yaani neno "haki".

1. Vyuo vidogo

Chuo Kikuu cha Wittenberg kilianzishwa mwaka 1502 katika mji mdogo usio na sifa ya elimu. Humo Martin Luther alipata udaktari wa theolojia mwaka 1512, akafundisha Zaburi, kisha Waraka kwa Warumi mwaka 1515 na 1516. Mwaka 1518 akaja Philipp Melanchthon, kijana wa miaka 21, kufundisha Kiyunani. Matengenezo ya Kanisa, basi, yalizaliwa katika kazi ya kawaida ya mwalimu mwenye kitabu mbele ya wanafunzi wake.

Kwetu Tanzania, chuo cha theolojia kilichoanzia Lwandai, Lushoto, mwaka 1947 kilihamia Makumira, chini ya Mlima Meru, mwaka 1954. Leo ni Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, chenye masomo mengine pia, kama vile ualimu na sheria. Lakini kazi ile ya kwanza haijabadilika: kusoma Neno kwa makini ili lihubiriwe.

2. Neno "haki" katika Warumi

Tuliposema kwamba washarika wana haki ya kujibiwa, tulitumia neno hili kwa maana yake ya kila siku: jambo ambalo mtu anastahili kupewa. Ndivyo tunavyosema haki ya mtoto, haki ya mfanyakazi, haki mahakamani. Msikilizaji akisomewa Rum. 1:17, kwamba haki ya Mungu imedhihirishwa katika Injili, hulipokea neno pamoja na maana hiyo. Atadhani kwamba Mungu amekuja kumpa kila mtu anachostahili. Je, hiyo ni habari njema kwa mwenye dhambi?

Luther alikutana na kikwazo hicho hicho kwa njia ya Kilatini. Katika dibaji aliyoiandika mwaka 1545 alisimulia jinsi alivyoyachukia maneno hayo, kwa kuwa alifundishwa kwamba ni haki ambayo kwayo Mungu huwaadhibu wasio haki. Hakufunguliwa kwa kupata neno jipya. Alilisoma lile lile akiangalia linavyoungana na maneno yanayolifuata, yaani kwamba mwenye haki ataishi kwa imani. Ndipo akaona kwamba ni haki ambayo Mungu humpa mtu kwa imani.

Kiswahili chetu kina msaada mkubwa hapa, kwani tunasema "kuhesabiwa haki". Anayehesabiwa hatendi, mwingine ndiye anayehesabu. Lakini kuna hatari pia: kuhesabu ni lugha ya soko na ya mshahara. Mtume Paulo aliliona jambo hilo, na katika Rum. 4:4-5 alitenganisha ujira wa mfanya kazi na kipawa cha neema. Mhubiri asiyefika mstari huo aweza kuigeuza Injili kuwa daftari la madeni.

3. Neno hilo katika Manabii

Tukirudi kwa Manabii, neno linapanuka. Katika Isa. 46:13 na 51:5 haki ya Mungu na wokovu wake vinakwenda pamoja: Mungu ni mwenye haki kwa kuwa huwaokoa walioonewa. Katika Amosi 5:24 Biblia ya Union Version inatumia "hukumu" kwa neno la Kiebrania mishpat. Kijijini hukumu ni kifungo au faini. Nabii, hata hivyo, anadai uamuzi wa haki langoni, ambapo maskini alikuwa akinyimwa neno.

Tumfikirie mjane aliyenyang'anywa shamba na shemeji zake. Mchungaji anayejua maana ya mahakamani peke yake atamwambia kwamba Mungu humpa kila mtu stahili yake. Anayejua maana ya msamaha peke yake atamhubiria dhambi zake na kunyamaza kuhusu shamba. Wote wawili watakuwa wamemnyima nusu ya Neno. Kuwa na moyo mwema hakumtoshi mchungaji hapo. Yampasa pia awe amesoma.

4. Kazi ya mwanachuo

Mwanachuo wa kwetu huishi kati ya lugha tano: hufundishwa kwa Kiingereza, husoma Maandiko kwa Kiyunani na Kiebrania, huhubiri kwa Kiswahili, na huwafariji wagonjwa kwa lugha ya nyumbani. Somo lililobaki katika Kiingereza cha mtihani halijafika. Ni vema kila fungu linalochambuliwa darasani lielezwe pia kwa Kiswahili mbele ya wenzake, na wenye lugha moja waulizane: nyumbani tungesemaje? Chuo kidogo kina nafasi ya kufanya hivyo, maana mwalimu huwafahamu wanafunzi wake, na aliyechambua fungu aweza kulihubiri ibadani mbele ya hao hao.

Hitimisho

Maungamo ya Augsburg ya mwaka 1530 yanafundisha katika kifungu cha 4 kwamba twahesabiwa haki bure kwa ajili ya Kristo, kwa imani. Kifungu cha 5 kinaendelea mara moja: ili tuipate imani hiyo, Mungu ameweka huduma ya Neno na Sakramenti. Hilo ndilo jibu kwa wale waliotoa kuku wao. Wanamsomesha mtu ili siku mjane atakapouliza haki ya Mungu ni nini, awepo wa kumjibu pasipo kumpunguzia.