Kabla ya Kununua Dirisha la Kuzuia Kelele

Mkazi wa Chaani hahitaji kuelezwa kelele ni nini. Malori ya makontena hupita mchana na usiku, na ndege za Uwanja wa Moi hutua na kupaa jirani. Wanaoumia zaidi ni mtoto anayesoma jioni na mfanyakazi wa zamu ya usiku anayelala mchana. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 1999 kwamba kelele zinazoendelea ndani ya chumba cha kulala zisizidi desibeli 30.

Madirisha maalumu yanasaidia, lakini hayaanzi na kioo. Panapopita hewa, sauti nayo hupita. Ndiyo sababu dirisha la luva, tulilolizoea Pwani kwa ajili ya joto, halizuii sana kelele hata likifungwa. Mwanya ulio sawa na sehemu moja tu kwa mia ya dirisha hulifanya lishindwe kupunguza zaidi ya desibeli 20 hivi, hata liwe la bei gani. Usiku, mwambie mtu amulike tochi kutoka nje. Ukiona mwanga kando ya fremu, hapo ndipo pa kuziba kwanza, kwa saruji au silikoni.

Ukiamua kubadilisha dirisha, chagua la bawaba lenye mpira pembeni. Likifungwa hubana, ilhali la kuteleza huacha nafasi. Kioo kiwe kizito, au cha tabaka mbili zilizogandishwa pamoja. Vile vioo viwili vyenye nafasi nyembamba katikati vilibuniwa hasa kwa nchi za baridi, na mngurumo wa lori haviuzuii sana. Afadhali kuacha dirisha la zamani na kufunga la pili kwa ndani, sentimita 10 hivi kutoka la kwanza. Chumba kimoja cha kulala kinachotazama barabara kinatosha kuanzia.

Kwa nyumba ya mabati isiyo na dari, usitarajie dirisha lizuie ndege. Sauti hiyo inatoka juu, kwa hiyo pesa ziende kwenye dari kwanza.

Chumba kilichozibwa huwa na joto. Acha wazi dirisha la upande usio na barabara, au tumia feni. Na kamwe usiwashe jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa: hewa yake ya sumu haina harufu, nayo huua watu usingizini.

Si kila kelele ni ya kuvumiliwa kwa gharama yako. Kanuni za mwaka 2009 zinaweka kikomo cha desibeli 50 nje ya makazi mchana, na 35 kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Ikiwa ni muziki wa baa, jenereta au karakana, andika tarehe, saa na mahali, kisha upeleke malalamiko kwa NEMA au kwa idara ya mazingira ya kaunti.