Dunga: Bandari, Mafunjo na Jicho la Mtalii

Itajwapo miji ya bandari yenye historia, aghalabu fikra za msomaji huelekea Bahari ya Mediterania, kwa Venice na Alexandria. Ni nadra kukumbuka kwamba maziwa nayo yana bandari zake. Kisumu ni mojawapo. Reli kutoka Mombasa iliufikia mwambao huo mnamo Desemba 1901, na kituo kikaitwa Port Florence kwa jina la Florence Preston, mke wa mhandisi aliyesimamia utandazaji wa reli. Kutoka hapo meli ziliunganisha Kenya na Uganda na Tanganyika.

Kusini mwa bandari hiyo, baada ya Hippo Point, ndipo ilipo Dunga. Mgeni huja kutazama viboko, hula samaki kwa ugali, hungoja machweo, kisha hurejea mjini. Kinamasi chenyewe hukiona kama kichaka kinachomzibia ziwa. Hapo ndipo anapokosea, kwani kivutio kikuu cha Dunga ni hicho kichaka.

Kichaka hicho ni mafunjo, ambayo Wajaluo huyaita togo. Mizizi yake hunasa tope na uchafu kabla haujaingia ziwani, na katikati ya mashina yake samaki wachanga hupata maficho. Wamo pia ndege wasioishi ila katika mafunjo, mathalani yule mwenye kifua chekundu na utosi wa manjano, ambaye husikika mara nyingi kuliko anavyoonekana. Wageni wengine huyachanganya mafunjo na gugumaji. Gugumaji asili yake ni Amerika ya Kusini, nalo limekuwa likiziba njia za mashua katika Ghuba ya Winam tangu miaka ya 1990. Mafunjo ni mwenyeji wa hapa.

Alexandria iliyotajwa hapo juu ina udugu na Dunga. Maktaba yake mashuhuri ilijaa maandishi yaliyoandikwa juu ya karatasi za mafunjo, na sehemu ya maji ya Mto Nile hutoka katika ziwa hili hili. Hata hivyo, huko Misri mafunjo ya mwituni yalikuja kukaribia kutoweka.

Je, Dunga itafuata njia hiyo? Kukata si tatizo kwa dhati yake. Wasusi wa mikeka na vikapu hukata mashina, nayo huchipuka upya iwapo mizizi imeachwa na muda umetolewa. Kinachoua ni moto, na mashamba yanayolimwa kinamasini maji yapunguapo. Shamba likishalimwa, mizizi haipo tena.

Mtalii anayetaka kuyaona haya yote na afike alfajiri. Wakati huo upepo bado ni mtulivu, ndege wanaimba, na wavuvi wa omena wanarejea na taa zao baada ya kazi ya usiku kucha.