Ganzi, Sindano ya Mgongo au Nusu Kaputi: Ipi ni Nafuu?

Kuna ugonjwa ambao wanaume wengi wa huku kwetu huuficha: ngiri ya kinena. Mkulima wa vitunguu wa Mang'ola huifunga kwa kitambaa, mfugaji wa Endulen huishikilia kwa mkono anapokohoa. Miaka inapita. Akifika kwetu, swali lake la kwanza si la kisu: "Sista, mtanichoma nusu kaputi? Na bei?"

Nusu kaputi hulaza mwili mzima. Huhitaji oksijeni, mashine, umeme, na mtaalamu asiyebanduka kichwani pa mgonjwa mpaka azinduke sawasawa. Sindano ya mgongo hutia ganzi kuanzia tumboni hadi miguuni. Dawa yake ni kidogo, ila miguu hubaki mizito kwa saa kadhaa, presha yaweza kushuka na mkojo kukataa kutoka. Ganzi ya mahali penyewe, yaani lignokeini inayochomwa kuzunguka ngiri, humwacha mgonjwa akiongea nasi. Atahisi kuvutwavutwa tu.

Huko Uswidi walilinganisha njia hizi tatu kwa wagonjwa 616 wa ngiri katika hospitali 10, na matokeo yakatolewa 2003. Waliochomwa ganzi ya mahali penyewe hawakuumia sana baada ya upasuaji, walikojoa bila shida na walitoka mapema. Gharama zilipohesabiwa, zao zilikuwa ndogo. Huku kwetu kila usiku wa wodini una bei isiyoandikwa kwenye risiti: chakula cha msindikizaji, nauli yake, kijana aliyeacha shule akachunge ng'ombe.

Lakini msidai ganzi kwa kila kitu. Mtoto mdogo hatulii. Huyo hulazwa, mara nyingi kwa ketamini, ambayo nayo si ghali. Na ngiri iliyonasa, ikawa ngumu, inauma na mgonjwa anatapika, hiyo ni ya kukimbizwa hospitali usiku huo huo. Utumbo waweza kuoza na kukatwa. Hakuna ngiri yenye gharama kuliko hiyo.

Siku ya upasuaji usile kwa saa 6, hata kama umeambiwa ni ganzi tu, maana mpango waweza kubadilika. Uliyekunywa uji alfajiri, tuambie. Tutakuahirisha, hatutakugombeza (labda kidogo).

Anayetoka Endulen apange kulala Karatu kwa ndugu usiku wa kwanza. Damu ikivuja, homa ikipanda au mkojo ukigoma, arudi bila kungoja asubuhi.