Pijo Haijengwi na Rangi

Cheki buda. Sahii kila msee mtaani anataka ndai ya kitambo. Fiti kabisa, luku iko juu. Shida ni mnaanzia mwisho. Mnabuy Pijo 504 imelala, mnakimbilia rangi, rims, tint na woofer. Mvua ya April ikinyesha, rangi inafura chini ya mlango mbele ya mbogi yote. Huko ni kuchoma picha, tena mbaya.

Form ni body. 504 haina chassis ya kando venye lori iko nayo. Body ndio inabeba injini, suspension, na nyinyi wote mmejibanza kiti ya nyuma. Sill, ile chuma ya chini ya mlango, ikioza, shell inalegea na milango inakataa kufunga. Hapo ndio wazee wa plot wanakam na wisdom: "Si ununue Vitz?" Wapee chai, uendelee na kazi.

Juu hii mashine inadai heshima. Ilitoka 1968, na 1969 ikabeba Car of the Year ya Ulaya. Ove Andersson akachapa Safari Rally nayo 1975. Jean-Pierre Nicolas akarudia 1978 na coupé ya V6. Matope ya huku, vumbi ya huku. Na wagon zake ndio zilibeba watu Nakuru hadi tao, kabla matatu za Nissan zikam. Sahii Kenya hauimport gari imepitisha miaka 8, so shell ya kusaka ni ile iko hapa tayari. Nyingi ziko ocha, kuku zikitaga ndani, na mzee anapanga kuziuza scrap kwa kilo. Wahi kabla yake.

Ukienda kucheki, beba sumaku. Ifunge na kitambaa isichore rangi. Ipitishe kwa sills, chini ya milango, na madigadi za nyuma. Ikishika, kuna chuma. Ikianguka, hapo ni filler tupu, ile putty ya kuziba mabonde. Kisha inama, udunge sill na bisbisi kutoka chini. Ikizama na unga ya kutu imwagikie sneakers zako, bei ishuke hapo hapo. Usione haya.

Na sijasema filler ni mbaya. Filler ni kama foundation ya makeup: ukipaka kiasi unawaka, ukipaka ndoo nzima unakaa mask. Chuma inyooshwe kwanza, filler ikam milimita mbili tatu, basi.

Sasa kukata. Fundi mnoma hakati sill kabla ya kuweld vyuma za kushikilia shell, na kupima nafasi ya milango. Akikata bila hizo, shell inajikunja, na huo mlango utaubamiza hadi uzeeke. Chuma iwe plain, gauge 20. Kuna msee atatokea na gauge 30. Hiyo ni ya kuezeka keja, maze! Welding pia ni nukta nukta, huku na kule, chuma ipoe. Moto mob mahali moja unakunja panel. Akikuambia anamaliza sill zote jioni, hepa.

Chuma ikibaki uchi, kutu haingoji. Epoxy primer ipigwe siku hiyo hiyo. Ndani ya sills, baada ya rangi, mwaga wax, na tundu za kutoa maji zibaki wazi, juu kutu huanzia ndani, penye matope na maji zimekwama. Mzee atakushow, "Paka tu rangi ya gate." Gate yake yenyewe imeoza.

Ukipita Kirinyaga Road, ile ya Grogan, simama ucheki fundi wa body akiwa job. Anafunika kiganja na kitambaa, anafunga macho, anakipitisha polepole kwa panel. Anasimama. Anachora na chaki. Dolly, ile chuma ya kukingia, nyuma, nyundo ndogo mbele, tak tak tak. Anapitisha tena. Mkono unasikia kitu jicho haioni. Huo mkono ndio unalipia, so usimbargain kama nyanya za Gikomba. Na msee wa spray akipiga rangi ya 2K, awe na mask ya kuletewa hewa safi na paipu. Kitambaa haizuii hiyo sumu, na mapafu haina spare.

Doo ipangwe hivi: chuma kwanza, rangi pili, rims ukibaki na kitu. Concours, ile show ya Ngong Racecourse ya kujudge magari, iko tangu 1970, na pale jaji anacheki hadi chini ya gari. Rims hazitakuokoa.

Na piga picha kila stage. Wasee wanapost rangi iking'aa, lakini rangi inaficha kila kitu. Flex ya ukweli ni chuma uchi, sill mpya, weld safi, kabla primer iguse. Post hiyo. Asiye na hiyo picha, usinunue ndai yake.