BREKI ZA BAISKELI YA MZIGO NA MKONO WA ZIADA

Ndugu wakulima wa Ngara na Biharamulo, leo hatuzungumzii mbegu wala mbolea. Tunazungumzia chombo kinachoutoa mkungu wa ndizi migombani na kuufikisha sokoni, yaani baiskeli. Na hasa breki zake.

Njia zenu mnazijua wenyewe. Anayetoka Rulenge au Kabanga na mzigo hupanda na kushuka vilima mara nyingi kabla ya kufika. Upande wa Biharamulo vilima ni vichache zaidi, lakini changarawe na vumbi haviachi tairi ishike vizuri.

Hebu tupige hesabu kidogo. Baiskeli kilo 20, mwendeshaji kilo 60, jumla 80. Sasa funga mikungu minne ya kilo 25 kila mmoja. Jumla inakuwa kilo 180. Breki ni zile zile, lakini kazi yake imezidi mara mbili. Ndiyo maana breki iliyokusimamisha vizuri asubuhi ukiwa mtupu inaweza kukutupa korongoni mchana ukiwa na mzigo.

Tuanze na raba. Zikague kila juma. Raba iliyolika mpaka chuma kinagusa rimu haifai hata siku moja. Angalia pia kile kiatu cha chuma kinachoshika raba: upande mmoja umezibwa, mwingine uko wazi. Ule uliozibwa lazima uelekee kule rimu inakokwenda inapopita kwenye raba. Ukikigeuza, rimu itaivuta raba na kuitoa nje, tena wakati ule ule unapoibana breki kwa nguvu mteremkoni.

Pili, nafasi. Raba ikae mbali na rimu kwa milimita 2 hadi 3, yaani kama unene wa punje ya mchele. Lakini kabla ya kurekebisha, inua gurudumu ulizungushe. Likiyumba, spoki zinahitaji kukazwa kwanza. Huwezi kupima nafasi kwenye rimu iliyopinda. Kwa breki za vyuma, legeza nati inayoshika chuma, sogeza kidogo, kaza tena. Kwa breki za waya, vuta waya na ukaze nati yake. Waya ulioanza kukatika nyuzi usiufunge fundo, badilisha.

Tatu, jaribio. Bana mkono wa breki kwa nguvu zako zote. Ukigusa usukani, breki haijakazwa vya kutosha. Kisha funga mzigo wako wa kawaida, simama kwenye mteremko mdogo karibu na nyumbani, ubane breki moja moja. Baiskeli ikiendelea kuteleza, rudi kwa fundi. Usiseme, "Itanifikisha tu." Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Sasa tuje kwenye mkono wa ziada. Mzigo ukiwa mkubwa hupandi, unasukuma. Wengi husimama upande wa kushoto: mkono wa kushoto kwenye usukani, wa kulia kwenye mzigo. Hapo mkono wa breki ulio upande wa kulia uko mbali, na kwa baiskeli nyingi huo ndio wa breki ya mbele. Basi unashuka kilima kwa breki moja tu. Dawa yake ni kufunga mkono mwingine katikati ya usukani, karibu na shingo, mahali ambapo mkono wa kulia unafika bila kuinama juu ya mzigo.

Kwa breki ya waya jambo hili linawezekana. Upo mkono mdogo uliotengenezwa kwa kazi hiyo, ambao waya hupita katikati yake. Fundi hukata ganda la waya na kuuweka hapo. Ukiubana, unalisukuma ganda, na breki inashika sawasawa na kama umebana mkono wa kawaida. Akimaliza, geuza usukani kushoto na kulia mpaka mwisho. Waya usivutike, na breki isishike yenyewe.

Baiskeli za safari za Ulaya za miaka ya 1970 zilikuwa na aina nyingine, kipande kilichounganishwa kwenye mkono wa kawaida. Hicho si cha mzigo. Hupinda kikibanwa, na huishia kugusa usukani kabla breki haijashika.

Kwa breki za vyuma, mkono huu mdogo haufungiki, maana hakuna waya wa kupitisha. Kama fremu ina nafasi, fundi anaweza kuongeza breki nyingine ya waya. Kama haina, tafuta mwenzako akusaidie kushuka, au punguza mkungu mmoja.

Lakini ndugu wakulima, shikeni neno hili: mkono wa ziada hauongezi breki, unaongeza mahali pa kushikia. Ukiufunga kwenye breki yenye raba zilizolika, umejipatia mikono miwili ya kukuangusha badala ya mmoja.

Mwisho, mwendo wenyewe. Anza kubana kileleni, kabla mzigo haujashika kasi. Bana ya nyuma kwanza, maana uzito uko nyuma. Ya mbele ifuate taratibu, hasa kwenye kona yenye changarawe, kwani gurudumu la mbele likiteleza umepoteza usukani. Kwenye mteremko mrefu, simama upumzike: raba hupata moto na kulainika. Na masika, rimu za chuma zikilowa, breki hukawia sana kushika. Siku hiyo shuka, sukuma, uchelewe. Ndizi zitauzwa hata saa nane.

Kwaherini, na safari njema.